Jino Limeng'olewa, Damu Haikomi: Tufanye Nini?



Katika mikutano ya vikundi vyetu vya Kibera na Kawangware tunazungumza sana juu ya malaria, kuhara, kifua kikuu na ukimwi. Kinywa hatukitaji. Mtu akilia na jino anaambiwa, "Ah, ni jino tu, nenda uling'oe." Ni kweli kwamba watu wengi sana hung'olewa jino na kurudi nyumbani salama. Lakini kung'oa jino ni upasuaji. Ni upasuaji mdogo unaofanywa ndani ya mfupa wa taya, na taya ni mahali penye damu nyingi kuliko tunavyodhani.

Makala hii inaeleza mishipa ya damu inapita wapi katika taya, kwa nini damu hutoka, na jinsi ya kutofautisha damu ya kawaida na damu ya hatari. Jambo kuu ni hili: damu nyingi ya kinywani husimama ikikandamizwa vizuri. Ile ambayo haitasimama kwa urahisi, mara nyingi dalili zake zilikuwapo kabla jino halijaguswa. Ni wajibu wetu kuzijua.

DAMU YA TAYA INATOKA WAPI?

Moyo husukuma damu kupitia mishipa minene inayoitwa ateri. Shingoni kuna ateri moja kubwa kila upande. Weka vidole kando ya koromeo nawe utahisi mapigo yake. Hapo juu kidogo ateri hiyo hugawanyika mara mbili. Tawi la ndani huenda kwenye ubongo. Tawi la nje huenda kwenye uso, ulimi, meno na taya.

Sisi watu wa mitaa hii tunajua mambo ya paipu. Kuna paipu kubwa inayopita kando ya barabara, halafu kuna paipu ndogo za kupeleka maji kwenye vibanda vya kuuzia maji. Kibanda kilicho karibu na paipu kubwa hupata maji yenye nguvu. Taya ni kama kibanda kilicho karibu. Ndiyo maana kidonda cha kinywani hutoa damu haraka kuliko kidonda cha mguuni. Ndiyo maana pia, tukishukuru, kidonda cha kinywani hupona upesi.

Matawi matatu yanafaa kukumbukwa.

Tawi la kwanza huenda usoni. Hupita chini ya taya, halafu huzunguka ukingo wa mfupa na kupanda shavuni. Mnaweza kulitafuta hapo hapo mlipoketi. Weka vidole nyuma ya shavu, karibu na pembe ya taya, kisha uma meno kwa nguvu. Utahisi msuli wa kutafunia ukifura. Sasa legeza. Shusha kidole hadi ukingo wa chini wa taya, mbele kidogo tu ya msuli ule, ukibonyeze mfupa taratibu. Tafuta bila haraka, utahisi mapigo. Mtu akikatwa kwa chupa au kisu mahali hapo damu huruka, na kidole kikikandamiza mshipa kwenye mfupa huo damu hupungua.

Tawi la pili huenda kwenye ulimi na sakafu ya kinywa, yaani ile nyama laini iliyo chini ya ulimi. Mshipa ukijeruhiwa hapa damu inaweza isionekane nje. Hujikusanya ndani, sakafu ya kinywa hufura, ulimi huinuliwa juu na nyuma, na mtu hushindwa kupumua.

Tawi la tatu ndilo mshipa wa taya wenyewe. Hupita nyuma ya taya, ndani kabisa, chini kidogo ya kiungo kilicho mbele ya sikio. Kutoka hapo mishipa midogo hupanda kwenye taya la juu na kaakaa. Mwingine huingia katika tundu lililo upande wa ndani wa taya la chini, ukatembea ndani ya mfupa chini ya mizizi ya magego, na tawi lake likatokea karibu na kidevu. Nyuma ya taya la juu pia kuna kundi la vena zilizosukana kama wavu. Daktari anayepasua sehemu hizi huenda kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu mshipa ukikatika huko ndani si rahisi kuufikia.

KWA NINI TAYA HUSUMBUA KULIKO MAHALI PENGINE?

Kwanza, mshipa ulio ndani ya mfupa ni kama paipu iliyozikwa kwenye zege. Mshipa wa mkononi unaweza kuukunja au kuufunga. Huu hauwezi kuukamata kwa vidole. Gego la mwisho la taya la chini mara nyingine mizizi yake hugusana na mfereji wa mshipa huu. Ndiyo maana daktari huomba picha ya eksirei kabla ya kulikata gego lililolala. Picha hiyo si njia ya kukutoza pesa. Ni ramani yake.

Pili, mishipa ya upande wa kulia na wa kushoto imeungana. Ukifunga upande mmoja, damu inaweza kuzunguka na kuja kutoka upande wa pili, kama paipu mbili zilizounganishwa mwishoni.

Tatu, kinywa hakikauki. Kidonda cha mkono hufunikwa na kukauka. Kinywani kuna mate, kuna ulimi unaogusagusa, kuna chakula. Damu inayotaka kuganda inavurugwa kila wakati.

Nne, kinywa ndicho mlango wa hewa. Damu ikijaa humo, mtu anaweza kusongwa hata kabla hajapoteza damu nyingi.

DAMU HUJIFUNGAJE?

Mshipa ukikatika hujibana. Chembe ndogo zilizo katika damu hukimbilia pale na kushikana, kisha nyuzi nyembamba hujisuka juu yake. Hilo ndilo donge la damu. Linakaa katika shimo la jino kama kizibo, na chini yake nyama mpya huanza kuota. Mtu akisukutua kwa nguvu, akitema mate kila dakika au akinyonya kwa mrija, anakiondoa kizibo. Damu inaanza upya, na siku zinazofuata shimo tupu huuma vibaya sana.

Damu hutoka kwa nyakati tatu:

1. Wakati ule ule wa kung'oa. Hii ni kawaida na husimama ukiuma kitambaa.

2. Baada ya saa chache. Dawa ya ganzi mara nyingi huchanganywa na dawa inayobana mishipa. Ikiisha nguvu, mishipa hufunguka tena. Mtu aliyeng'olewa saa kumi jioni anaweza kuanza kutoka damu saa tatu usiku, wakati kliniki imefungwa na njia za mtaani si salama. Kwa hiyo shauri letu ni hili: nenda asubuhi, tena mwanzoni mwa juma. Tatizo likitokea, litokee mchana.

3. Baada ya siku kadhaa, hata juma zima. Hapa mara nyingi kidonda kimeingiwa na viini. Kuna harufu, kuna maumivu, na damu inarudi. Huyu arudi kwa daktari. Asikae nyumbani akisema itakauka.

NI KIASI GANI CHA DAMU NI KINGI?

Mate yenye rangi ya waridi siku ya kwanza yasiwatishe. Damu kidogo ikichanganyika na mate huonekana nyingi. Hatari ni damu nzito inayojaza kinywa tena na tena.

Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu, kama ule mtungi mdogo wa mafuta ya kupikia. Lakini fikirieni mtoto mchanga wa kilo 5. Damu yake yote ni mililita 400 hivi. Haijazi chupa ya soda ya nusu lita. Vikombe viwili vidogo vikimwagika, maisha yake yako hatarini.

Tunasema hivi kwa sababu ya jambo linalofanywa sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mtoto akiharisha au akipata homa, baadhi ya watu husema ana "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Fizi yake inachimbwa kwa kisu, kwa wembe au kwa spoku ya baiskeli. Kinachotolewa si ugonjwa. Ni chipukizi la jino la chonge ambalo bado halijaota. Mtoto hupoteza damu, huweza kuingiwa na viini, na meno yake ya baadaye huharibika. Kuhara kwenyewe hakujatibiwa. Akina mama na akina nyanya, mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari na kituo cha afya. Hahitaji wembe.

KABLA YA KUNG'OLEWA: MASWALI SITA

Daktari mzuri atakuuliza haya. Asipouliza, mwambie mwenyewe.

1. Je, uliwahi kutoka damu kwa muda mrefu baada ya kung'olewa jino, kujifungua au kukatwa? Kwa mvulana: je, alipotahiriwa damu ilichelewa kusimama? Kuna ugonjwa wa kurithi unaoitwa hemofilia ambao damu haigandi vizuri. Huwapata zaidi wavulana, na mara nyingi huupokea kupitia mama ambaye yeye mwenyewe huonekana mzima.

2. Je, kuna ndugu au mjomba aliyekufa au kulazwa kwa kutokwa na damu?

3. Kwa wanawake: je, hedhi yako ni nzito sana kila mwezi? Hiyo inaweza kuwa dalili ya damu isiyoganda vizuri.

4. Unatumia dawa gani? Watu waliowekewa vali ya moyo mara nyingi hutumia warfarin, ambayo huchelewesha damu kuganda. Aspirini pia hufanya hivyo, nayo imo katika dawa nyingi za maumivu za dukani. Soma karatasi yake. Lakini usiache dawa ya moyo kwa uamuzi wako. Kuiacha ghafla kunaweza kuua. Daktari ndiye atakayepima damu na kupanga.

5. Je, una ugonjwa wa ini, au shinikizo la damu lililopanda?

6. Je, taya limevimba, au jino limelegea bila sababu?

Na wewe pia una swali la kuuliza: "Naomba kuona leseni ya mwaka huu." Madaktari wa meno na kliniki zao hupewa kibali na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Mtu anayeng'oa meno kwenye kibanda bila kibali ana koleo, lakini hana eksirei, hana uzi wa kushona, na vyombo visivyochemshwa sawasawa vinaweza kuleta virusi vya ukimwi na homa ya ini. Bei yake ni nafuu mpaka siku damu itakapokataa kusimama.

USIKIMBILIE KUNG'OA JINO LILILOLEGEA

Swali la 6 tunalieleza zaidi kwa sababu ndilo linalosahaulika.

Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha habari za uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Afrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika wakiuliza hospitali moja moja kama zimeona uvimbe huo. Waliona kwamba unapatikana zaidi katika nchi za joto na mvua, zile zile zenye malaria nyingi. Siku hizi unajulikana duniani kote kwa jina lake. Ni saratani. Huvimba kwa majuma machache tu, na meno ya mtoto huanza kucheza. Wazazi hudhani ni jino bovu. Likitolewa, mtoto hutoka damu, uvimbe unaendelea na siku zinapotea. Habari njema ni kwamba uvimbe huu husikia dawa vizuri, hasa mtoto akifikishwa hospitali mapema. Familia zetu nyingi zina watoto wanaoishi au kutembea kando ya Ziwa Victoria na pwani. Basi tuwe macho.

Kuna pia uvimbe wa taya unaokua pole pole kwa watu wazima, bila maumivu, kwa miaka. Huu hupasuliwa, na pengine sehemu ya taya huondolewa. Ukiwa mdogo, upasuaji ni mdogo na damu inayopotea ni kidogo. Ukiachwa hadi uso wote umegeuka, kazi huwa kubwa.

La tatu ni nadra, lakini ndilo baya kuliko yote. Watu wachache huzaliwa na mishipa ya damu iliyojisuka vibaya ndani ya taya. Dalili zake ni fizi zinazotoka damu zenyewe pembeni ya jino moja, jino linalopigapiga kama moyo, au uvimbe wenye joto na mapigo. Jino la namna hiyo lisiguswe popote isipokuwa hospitali kubwa. Likitolewa kibandani damu huja kama bomba lililopasuka.

DAMU IKITOKA NYUMBANI

1. Mketishe mgonjwa, kichwa kikiinama mbele kidogo. Asilale chali. Asimeze damu, maana itamtapisha.

2. Anayesaidia avae glavu, au mifuko safi ya plastiki mikononi.

3. Kunja kitambaa safi kiwe kinene, kiloweshe kidogo kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Kiweke juu ya shimo lenyewe, si pembeni. Pamba isiyofungwa haifai, nyuzi zake hunasa kwenye kidonda.

4. Aume kwa nguvu dakika 20 hadi 30 kwa saa ya ukutani au ya simu. Asichungulie. Kila ukichungulia umeanza tena.

5. Kama bado, rudia mara moja zaidi. Mfuko wa majani ya chai uliolowekwa na kupozwa pia husaidia ukiumwa, kwa sababu ukali wa chai hubana mishipa.

6. Siku hiyo asisukutue, asinywe chai moto, pombe wala sigara, asibebe mizigo mizito. Kwa maumivu atumie parasetamoli, si aspirini.

Msingoje dakika hizo ziishe kama damu inaruka kwa mapigo, kama sakafu ya kinywa inafura, kama hawezi kumeza au kuongea, kama amepauka, ana jasho baridi au kizunguzungu, au kama ni mtoto mdogo. Endeleeni kukandamiza huku mkiondoka.

Kwenda wapi? Walio Kibera wako karibu na Hospitali ya Mbagathi na Hospitali Kuu ya Kenyatta. Walio Kawangware wana kituo cha afya cha Riruta kwa mambo madogo, lakini kwa damu isiyosimama wapite Naivasha Road hadi Ngong Road na kufika Kenyatta moja kwa moja. Gari la wagonjwa halitaingia katika vichochoro vya Gatwekera au Gatina. Mbebeni mgonjwa hadi barabarani.

TAYA LILILOVUNJIKA

Mwaka 1990 D. L. Mwaniki na S. W. Guthua walichapisha uchunguzi wao juu ya mataya ya chini yaliyovunjika hapa Nairobi. Chanzo kilichoongoza hakikuwa ajali. Kilikuwa watu kupigana. Tangu wakati huo boda boda zimeongezeka mitaani nazo zimeleta majeraha yake, hasa kwa abiria asiye na helmeti au anayeivaa bila kuifunga kidevuni.

Taya likivunjika, mshipa ule wa ndani ya mfupa unaweza kukatika. Aliye na fahamu aketi akiinama mbele. Aliyezimia alazwe ubavu ili damu na mate vitoke nje. Msimpe maji. Msimfunge kinywa kwa kitambaa cha kukaza, mtamziba pumzi. Na ndugu zetu, ugomvi unaotulizwa mapema umeokoa mataya mengi.

KAZI YA KIKUNDI: DAMU HAITENGENEZWI KIWANDANI

Upasuaji mkubwa wa taya huhitaji damu ya akiba, na damu hiyo hutoka kwa binadamu mwenzako tu. Wazee kati yetu wanakumbuka tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani hapa Nairobi. Zaidi ya watu 200 walikufa na maelfu walijeruhiwa. Wananchi walipanga foleni kutoa damu. Tulijifunza siku ile kwamba akiba haiwezi kuanza kukusanywa siku ya msiba.

Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi anaweza kutoa damu. Hutolewa mililita 450 hivi, na mwili hurudisha. Mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Damu yenyewe haikai zaidi ya siku 35, kwa hiyo haitoshi watu kutoa mara moja kwa mwaka.

Tunashauri kila kikundi kifanye haya:

– Kiandike orodha ya wanachama walio tayari kutoa damu, na kipange zamu.
– Kitenge kiasi kidogo katika mfuko wa kikundi kwa usafiri wa dharura usiku.
– Kiafikiane na mwenye gari mmoja anayekaa karibu, na namba yake ijulikane na wote.
– Kihimize wanachama kujiandikisha SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, kabla mtu hajaugua.
– Kifanye zoezi la kutafuta mapigo ya taya na la kukandamiza, vijana wakiwemo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, watu hung'olea meno wapi? Kwa nini huchagua hapo: ni bei, ni umbali, au ni woga?

2. Je, mnamjua mtoto mwenye uvimbe wa taya ambaye bado hajaonwa na daktari? Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake juma hili?

3. Mtu akianza kutoka damu kinywani saa nne usiku, ni nani ataamshwa kwanza, na mtapita njia gani hadi barabarani?

4. Ni wangapi kati yenu waliwahi kutoa damu? Waulizeni ilikuwaje.